Kuhamisha Mashine Pepe: Ugumu Uko kwenye Vifaa, Si kwenye Memori

Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma, anayenunua umeme wa LUKU kwa simu usiku hana haja ya kujua ombi lake limepokelewa na seva ipi. Tuseme linahudumiwa na mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva, na dakika hiyohiyo fundi anaihamishia mashine hiyo kwenye seva nyingine ili abadilishe feni iliyokufa. Kazi ikifanywa vizuri, mteja anapata tarakimu zake 20 kama kawaida.

Mbinu yenyewe ya kuhamisha mashine bila kuizima ina zaidi ya miaka 20. VMware iliitoa mwaka 2003 kwa jina la vMotion. Mwaka 2005 watafiti waliotumia Xen, programu ya kuendesha mashine pepe, walihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 huku wachezaji wakiendelea kucheza, nayo ikasimama kwa takriban milisekunde 60 tu.

Siri ya muda huo mfupi ni kunakili memori wakati mashine bado inafanya kazi, kisha kurudia kurasa (vipande vidogo vya memori) zilizobadilika, hadi zibaki chache. Memori ya gigabaiti 16 kwenye mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde huchukua zaidi ya dakika mbili. Kwenye gigabiti 10, sekunde 13 hivi. QEMU, programu inayoendesha mashine pepe nyingi za Linux, kwa kawaida hulenga kusimama kusikozidi milisekunde 300. Katika muda huo mtandao wa gigabiti 10 hupitisha megabaiti 375, na ule wa gigabiti 1 haufikishi 40. Mabaki yakishatosha kwenye nafasi hiyo, mashine inasimamishwa ili vilivyobaki vivuke.

Ila kusimamisha prosesa hakutoshi. Kadi ya mtandao na diski huandika kwenye memori moja kwa moja bila kupitia prosesa. Prosesa ikilala, pakiti iliyokuwa njiani bado inaweza kutua kwenye ukurasa ambao tayari umenakiliwa. Upande wa pili utaamka na ukurasa wa zamani, na hakuna taa nyekundu itakayowaka; hitilafu itaonekana siku nyingine, pengine ndani ya hifadhidata.

Kwa hiyo mpangilio ndio unaobeba usalama. Mwenye mashine ya kusaga haanzi kwa kuzima mota: anaacha kumimina mahindi, anasubiri yaliyomo yasagike, ndipo anazima. Vivyo hivyo, prosesa husimama kwanza ili maombi mapya yakome. Vifaa hukamilisha yaliyo mkononi au huyaorodhesha. Orodha ya kurasa zilizobadilika husomwa kwa mara ya mwisho baada ya vifaa kutulia. Hatua hii ya mwisho ikitangulizwa, maandishi ya dakika za mwisho yanapotea.

Kifaa pia kinatakiwa kitoe hesabu. Vifaa vya aina ya virtio, vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, hupokea kazi kupitia foleni, na kila kimoja kinajua kimechukua hadi nafasi ya ngapi. Namba hiyo ikivuka pungufu, kazi moja hufanyika mara mbili. Ikivuka imezidi, kazi nyingine hairudi kamwe. Kwenye vhost-user, itifaki ya kuendesha vifaa hivyo kwa programu iliyo nje ya QEMU, ujumbe uleule unaouliza namba ya foleni ndio unaoisimamisha, ili isisonge baada ya kujibu.

Kukiwasha kifaa upya si njia mbadala, maana hufuta hesabu hiyo. Tena uhamisho ukikwama kabla ya makabidhiano, mashine ya awali lazima iendelee ilipoishia. Ndiyo maana mwaka 2022 Linux iliongezewa amri ya kusimamisha vifaa vya vDPA, yaani kadi zinazotumia foleni za virtio, bila kufuta hesabu zao, na mwaka 2023 ikafuata ya kuviendeleza.

Vifaa halisi vinavyokabidhiwa mashine pepe vina mtego mwingine: vinaweza kuandikiana. Ukisimamisha kimoja huku kingine kikikipelekea data, data hiyo inakosa mpokeaji. Itifaki mpya ya uhamisho ya VFIO, mfumo wa Linux wa kukabidhi vifaa hivyo, iliingia Linux 5.18 mwaka 2022 na kuweka hali ya katikati, ambapo kifaa kinapokea lakini hakianzishi lolote. Vyote vikishafika hapo, ndipo vinasimama kabisa.

Diski nayo hula muda. Makadirio ya milisekunde 300 hutegemea hasa memori iliyobaki na kasi ya mtandao. Diski iliyolemewa inaweza kuchukua sekunde nzima kumaliza maandishi yake. Mashine ikishaamka upande wa pili, hutuma tangazo ili swichi zijifunze mlango wake mpya. Pakiti chache zilizopotea TCP itazirudisha yenyewe. Tangazo likisahauliwa, nyingine zitaendelea kupelekwa kwenye mlango wa zamani.

Fundi wa Dodoma anayepanga chumba cha seva asijaribu uhamisho kwenye mashine iliyolala, kwa kuwa huko kila kitu hufaulu. Aujaribu diski ikiandika na mtandao ukipitisha data kwa wingi, akate uhamisho katikati, kisha alinganishe mafaili. Na kabla ya kununua kadi, amuulize muuzaji kama inaweza kusimama na kutaja ilipofikia. Asiyepata jibu la wazi apange kuzima mashine usiku na kuwatangazia watumiaji mapema. Huduma iliyosimama kwa taarifa ina nafuu kuliko hifadhidata iliyoharibika kimyakimya.