Nimelala Chali Sebuleni Shishiyu

Viatu nilivivua mlangoni kabla ya kuambiwa. Nikapiga hatua mbili juu ya marumaru, nikainua macho, na hapo ndipo nilipoishiwa. Dari! Jamani, dari! Nikasahau kwamba nimevaa shati jeupe. Nilijilaza chali katikati ya sebule, begi bado liko begani, nikabaki nalikodolea macho. Fundi aliyekuwa juu ya ngazi akacheka. "Wewe ni wa nne leo kulala hapo," akasema, akaendelea kupiga msasa.

Mjomba ndiye aliyeniita. "Mjomba, wahi uone kabla hatujahamia. Watoto wakishaingia na mipira yao, utakuwa umechelewa." (Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, msishangae.) Nikapanda basi hadi Maswa, nikamalizia kwa bodaboda na vumbi lake lote, hadi kata ya Shishiyu, kwenye boma lililozungushiwa minyaa kama maboma mengine yote ya Usukumani. Zizi la ng'ombe liko pale pale lilipokuwa nikiwa mdogo. Kwa nje nyumba yenyewe haikutishi: bati la msauzi rangi ya damu ya mzee, tofali za kuchoma, ukuta wa nyuma bado hauna plasta. Pamba ya misimu kadhaa na idadi ya ng'ombe ambayo mjomba hataki itajwe vimeishia ndani. Na ndani, wapendwa, ndani!

Nianze na hilo dari, maana nikianza na kingine nitakuwa mnafiki. Pembeni limeshushwa kama kiganja kimoja, likazunguka sebule nzima, na kwenye ule ukingo umefichwa utepe wa taa za LED. Huioni taa yenyewe, unaona mwanga tu ukipanda taratibu, kana kwamba paa limeinuliwa kidogo na kuna alfajiri nyuma yake. Hilo tumeshaliona Mwanza, tumeshaliona Dar es Salaam, tena kwa wingi hadi linachosha. Kilichonilaza chini ni katikati. Fundi alikuja na simu iliyojaa picha za maua: waridi, nyota, almasi, majani yaliyojikunja. Mjomba akazipitia zote, akamrudishia simu, akamwambia: mimi nilizaliwa kwenye msonge, nichoree nilichokuwa nakiona nikilala. Matokeo yake ni duara ndani ya duara ndani ya duara, tano kwa jumla, zikipungua kuelekea kileleni, na fito nyembamba za jipsamu zikizikata kutoka ukingoni hadi katikati. Ni paa la nyasi la msonge, lile lile la bibi, limegeuzwa jeupe na kuwashiwa taa. Nimeona madari ya mamilioni. Hili halina ndugu.

Basi nikaenda barazani kuona linavyozaliwa, maana mikanda ya chumba cha mwisho ilikuwa bado inamiminwa. Kijana msaidizi ana ndoo, mfuko wa unga wa jipsamu, fungu la katani na ubao mrefu wenye mfereji, uliopakwa mafuta. Anamwaga unga kwenye maji, siyo maji kwenye unga ("ukikosea hapo, mabonge"), anakoroga kwa mkono hadi unakuwa kama uji wa mtoto. Anamimina tabaka la kwanza, analaza nyuzi za katani zilizochambuliwa kama nywele, anamimina la pili, anapitisha ubapa. Halafu akanishika mkono akaubandika kwenye ndoo. Ya moto! Hakuna jiko, hakuna jua pale, na ndoo inachemka yenyewe taratibu.

Siri yake ni hii. Jipsamu ni jasi, jiwe laini linalochimbwa Makanya kule Same, Itigi mkoani Singida, na Kilwa. Jiwe hilo limebeba maji ndani yake. Ukilioka kwa joto la kama nyuzi 150, robo tatu ya maji hayo hutoka na jiwe likawa unga. Ukiurudishia maji, unga unayanywa, unatoa joto, na kabla hujamaliza chai yako umekuwa jiwe tena. Na hapa ndipo nilipopiga kelele hadi mbuzi wakageuka: chaki! Chaki ya shuleni ni jasi hiyo hiyo, na Maswa hii hii ndiyo ya chaki za Maswa, zile zilizotokana na mradi wa vijana na kulitangaza jina la wilaya. Wilaya inayojua kumimina jasi kwenye kalibu ili mtoto aandike a-e-i-o-u, sasa inaimimina ili baba yake alale akitazama juu. Kijana hakushtuka kama mimi. "Ndiyo, ni ile ile," akasema, akagonga ubao, mkanda ukatoka mzima, mweupe, una urefu wa mtu.

Sasa mwanga. Tusijidanganye, mitindo hii yote ni mtoto wa nguzo ya umeme. Miaka ya nyuma dari la kijijini lilikuwa la kuzuia vumbi na popo, basi. Ungelipamba kwa ajili ya koroboi? Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, nyaya zikatambaa kata kwa kata, na kuunganishwa kijijini kukawa shilingi 27,000, bei ya jogoo mmoja mkubwa na rafiki yake. Tangu hapo watu wameanza kuangalia juu. Lakini hapa nina ugomvi, na nitausema. Taa za katikati zilizofungwa ni zile nyeupe za bluu, za kelvini 6500, zinazokufanya uonekane umelazwa wodini. Ukingoni, kwa bahati, fundi kaweka za 3000, rangi ya moto wa kuni. Nilimwomba azime za kati. Akazima. Duara zote tano zikajaa vivuli, chumba kikapungua ukali, na Mayu, mke wa mjomba, ambaye ukoo mzima tunamwita hivyo, akatokea mlangoni akasema neno moja tu la Kisukuma: "Gete!" Yaani, kweli kabisa. Zile za 6500 zihamishiwe jikoni na stoo. Nimeshaandika barua ya mdomo.

Ukuta wa runinga! Kila nyumba mpya sasa lazima iwe nao, na nyingi ni maonyesho tu ya mbao bandia na marumaru bandia. Hapa wamejenga vishubaka vya jipsamu kulia na kushoto, vitatu vitatu, kila kimoja na taa yake. Nikacheka, maana mtu wa Lamu akiingia hapa atauliza zidaka zake zimefikaje Simiyu. Nyumba za mawe za karne ya 18 kule Lamu zilikuwa na kuta nzima za vishubaka vya chokaa, vikipangwa vyombo vya kauri ili mgeni ajue kafika kwa nani. Mayu hana kauri za China. Kaweka vibuyu viwili vya maziwa vya mama yake, picha ya harusi, na kombe la ligi ya kata alilochukua kaka yangu mkubwa. Vibuyu, vikipigwa na mwanga kutoka juu, vinang'aa kahawia kama vimepakwa asali. Mbunifu wa kulipwa asingefikiria hilo.

Mkabala wake kuna ukuta wa karatasi yenye matofali ya kuchora. Matofali ya kuchora! Juu ya matofali ya kweli! Hapo nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba, lakini moyoni nilimkumbuka Hans Cory, yule mzaliwa wa Austria aliyetumikia serikali ya Tanganyika, na kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Usukumani. Bayeye, ndio hao wacheza nyoka, walikuwa wakichora ndani ya nyumba zao za mafunzo: nyoka, watu, wanyama, kwa rangi za udongo na majivu, mwanachama mpya akafundishwa kwa kuonyeshwa ukuta. Ukuta wenye la kusema ni mali ya huku huku, halafu tunaubandikia tofali la karatasi. Mjomba kasikia kuguna kwangu. "Itabanduka tu," akasema, "tutachora."

Jiko ni la wazi, limetenganishwa na sebule kwa kaunta ya graniti nyeusi, na mimi na graniti ile tumeshakuwa marafiki: ya baridi, ina chembe za fedha, kiwiko kinatulia juu yake chenyewe. Makabati yanajifunga polepole bila kelele. Nimeyafungua na kuyafunga mara kumi na moja. Droo ya chini kabisa, ile ambayo kwenye picha huwekewa chupa za mvinyo zimelala, Mayu ameshaijaza michembe. Imejaa hadi juu, na harufu yake tamu ya viazi vikavu inakupokea ukivuta. Hiyo ndiyo droo bora niliyowahi kuvuta maishani. Ila jiko la wazi na dagaa wa kukaanga hawajawahi kupatana popote, na kila mwenye sofa jipya analijua hilo. Mayu aliligundua kabla ya wabunifu wote: jiko la nje limebaki, na mafiga yake matatu, na moshi wake. La ndani ni la chai, la mayai, na la wageni kuona.

Sofa zilikuwa bado kwenye nailoni. Nyeupe! Kwenye nchi ya udongo wa mbuga, mweusi kama masizi, nyeupe! Niliuliza nani kazichagua, kila mtu akaangalia nje. Zinakaliwa kwa raha, siwezi kusema uongo, unazama hadi unasahau ulichofuata. Lakini Mayu ana silaha yake: seti nzima ya vitambaa vya kufuma, ile ya njano na kijani, imefuliwa na kupigwa pasi, inangoja. Binti yake anasema vitambaa vinaharibu mtindo. Mayu anasema mtindo utamkuta anaswali. Nitarudi mwezi ujao kuona nani kashinda, ingawa dau langu nimeshaliweka.

Kuhusu huo udongo, neno moja kwa wanaopanga kuiga. Mbuga hukauka kiangazi ikapasuka hadi mguu wa mbuzi unaingia, kisha masika ikavimba. Nyumba iliyo juu yake huinuka na kushuka kama mtu anayepumua. Ukuta wa tofali unaweza kuvumilia ufa mdogo, jipsamu haifichi kitu: maungio yote ya mbao za jipsamu za mita 1.2 kwa 2.4 yatajichora dari zima. Mjomba, mkulima wa damu, aliacha kiwanja kizuri cha karibu na barabara akapanda juu kidogo kwenye luseni, mchanga mwepesi, akachimba msingi huko. Nimetembeza macho kila kona ya vyumba vinne nikitafuta ufa. Nimeukuta mmoja, mwembamba kama unywele, juu ya mlango wa chumba cha masta, na fundi alikuwa ameshauwekea alama ya penseli.

Masta nimeipita haraka: kubwa, ya kijivu, kama vyumba vyote vya kijivu. Bafu lina bomba la mvua na ndoo pembeni, kwa siku ambazo bomba lina mambo yake.

Jioni wakawasha zote kwa mara ya kwanza, majirani wakajaa. Mzee mmoja aliacha katambuga zake nje, akaingia kwa kunyata, akatazama juu muda mrefu, akauliza ikivuja mvua yale meupe hayatayeyuka. Fundi akamjibu kwamba yatafanya doa kwanza, ndiyo maana kaacha kidirisha cha kupandia darini. Mzee akatikisa kichwa, akaketi sakafuni, kisha naye, taratibu, akajilaza.

Watoto walikuwa wameshaipata rimoti. Utepe ule wa sebuleni, kumbe, unabadilika rangi, na ugomvi ukaanza: huyu anataka ukingo wote uwe mwekundu, huyu zambarau, huyu ule unaocheza. Mjomba alikuwa anaelekea kukubali zambarau. Mayu akatoka jikoni na sinia la ugali na sato wawili, akasimama katikati, chini ya duara zile tano.

"Wekeni nyeupe," akasema, "tuone miiba."