Mazoezi Yaliyokatika Sekunde ya 29

Tangu roketi ya SLS iruke Novemba 16, 2022, kumekuwa na mtindo wa kuizungumzia safari ile ya Artemis I kana kwamba misukosuko iliyoitangulia ilikuwa mkosi tu. Haukuwa mkosi. Tulikaa mbele ya skrini Agosti 29, tukakaa tena Septemba 3, na mara zote mbili tukaambiwa hakuna kuruka. Chanzo chake ni uamuzi mmoja wa mwezi Juni: NASA ilitangaza kwamba mazoezi ya kujaza mafuta na kuhesabu yamekamilika, ilhali kipengele kilichobeba uzito wote hakikuguswa.

Turudi Juni 20. Baada ya majaribio matatu ya Aprili kukwama, hatimaye tangi zote za roketi zilijaa: hidrojeni ya nyuzi 253 chini ya sifuri, takriban lita milioni mbili katika hatua ya msingi peke yake, na oksijeni ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Hiyo ilikuwa kazi safi. Kisha kiungio cha inchi 4 kikaanza kuvuja, kile kinachopitisha hidrojeni inayotoka kupooza injini. Wakajaribu kukipasha joto ili sili yake ya kuzibia ikae upya, haikukaa. Ndipo wakaiagiza kompyuta ya ardhini ipuuze usomaji wa uvujaji, hesabu iendelee. Katika mazoezi, ambako injini hazitawashwa, hilo si kosa. Hesabu ilitakiwa ifike sekunde 9 na kidogo kabla ya kuruka. Ilisimama kwenye 29.

Sigombani na zile sekunde 20. Naudhiwa na kile ambacho kiungio kile kilikizuia. Injini za RS-25 za roketi hii haziwashwi zikiwa na joto la kawaida. Hidrojeni inapitishwa ndani yake kwanza hadi chuma kikaribie ubaridi wa mafuta yenyewe, kama nyuzi 251 chini ya sifuri, la sivyo kimiminika kikiingia kwenye pampu kitachemka na pampu itazunguka bila mzigo. Upoozaji huo ulipangwa kujaribiwa siku ile. Njia ya kutolea hidrojeni ilikuwa inavuja, kwa hiyo jaribio likaachwa. Siku chache baadaye, wakuu wakijivunia kuwa karibu asilimia 90 ya malengo yametimia, wakafunga kitabu na kuirudisha roketi kwenye jengo la kuunganishia.

Naijua hoja yao. Kila safari ya kutoka jengoni hadi uwanjani, zaidi ya kilomita 6 juu ya lile gari la minyororo, inaitikisa roketi. Kila ujazaji unalipa tangi uchovu. Roketi za pembeni za mafuta makavu zina umri wake tangu ziunganishwe. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali: injini nne zingepoozwa kwa utaratibu ambao haujawahi kufanyika kwenye uwanja ule, na walikusudia kuufanya kwa mara ya kwanza siku ya kuruka.

Halafu kuna lile la sili ya kiungio kile. Waliirekebisha ndani ya jengo na kuipima kwa joto la kawaida. Fundi wa gesi ya kupikia akipaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mtungi anapata jibu la kweli, kwa sababu mtungi utatumika katika joto lile lile. Hidrojeni kimiminika haitoi nafasi hiyo. Chuma kinasinyaa, plastiki ya sili inakakamaa, na mwanya usioonekana mchana wa Florida unafunguka kwenye nyuzi 250 chini ya sifuri. Molekuli yenyewe ndiyo ndogo kuliko zote, na ikifika asilimia 4 tu katika hewa inaweza kushika moto. Sili ya hidrojeni isiyopimwa ikiwa baridi bado haijapimwa.

Agosti 29 ikatoa matokeo. Kipimajoto cha injini namba 3 kikasoma kama nyuzi 229 chini ya sifuri, mbali na lengo, wakati wenzake walikuwa baridi zaidi. Baadaye uchambuzi ulielekeza lawama kwa kipimajoto. Lakini mkurugenzi wa urushaji, Charlie Blackwell-Thompson, angejuaje asubuhi ile? Hakuwa na kumbukumbu ya kulinganisha. Katika majaribio kwenye kituo cha NASA cha Stennis mwaka 2021, injini zile zile zilianza kupoozwa mapema zaidi katika hesabu. Florida wakaisogeza hatua hiyo mbele, bila kuijaribu. Kwa jaribio la Septemba 3 wakairudisha nyuma kwa dakika 30 hadi 45, yaani wakakiri kwa vitendo kile ambacho Juni ingewafundisha.

Septemba 3 yenyewe ilikuwa mbaya zaidi kwa macho, ingawa kwangu ni mtoto wa kosa lile lile. Utaratibu wa kupooza bomba la hidrojeni ulikuwa umebadilishwa katikati ya wiki, sehemu yake ikapelekwa kwenye amri za mkono. Amri moja ikatumwa kimakosa, shinikizo likapanda hadi pauni 60 kwa inchi ya mraba mahali palipotakiwa 20. Kiungio cha inchi 8 kikavuja mara mbili au tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Mafundi walipokifungua walikuta kwenye sili kibonyeo cha kama robo ya milimita. Robo ya milimita, na roketi ya mita 98 haiendi popote.

Sasa angalieni walichofanya baadaye. Sili zikabadilishwa pale pale uwanjani, bila kurudi jengoni, ili zipimwe zikiwa baridi. Septemba 21 wakajaza polepole, kiungio cha inchi 8 kikavuja, wakasimama, wakakipasha joto, kikakaa, wakaendelea. Upoozaji wa injini ukajaribiwa, ukapita. Siku moja. Kila kilichowezekana Septemba kiliwezekana Juni, roketi ikiwa uwanjani vile vile.

Wasomaji wa safu hii wanajua msimamo wangu: hidrojeni haikustahili kuwa chini ya roketi tangu mwanzo. Abe Silverstein wa NASA, aliyeipigania mwaka 1959 hadi mtengenezaji wa roketi Wernher von Braun akakubali, aliitaka kwenye hatua za juu. Chini ya Saturn V walichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa. Ni Bunge la Marekani, kwa sheria ya mwaka 2010, lililosukuma mabaki ya vyombo vya anga vya shatoli kuwa roketi mpya.

Lakini kwa waliorithi injini za shatoli, mfano wa karibu ni mwaka 1990. Shatoli Columbia ilivuja Mei, ikavuja tena Septemba baada ya vipuri kubadilishwa. Atlantis nayo ikakutwa inavuja. Hakuna aliyesema asilimia 90 inatosha. Waliunda timu maalumu, wakajaza tangi kwa ajili ya kutafuta tundu tu, wakamwaga, wakajaza tena, ratiba ya miezi ikiwaponyoka mbele ya magazeti yaliyowacheka. Atlantis iliruka Novemba 15 baada ya ujazaji wa majaribio kutoka safi. Columbia ikafuata Desemba 2, nayo ikiwa imeshajazwa na kuthibitishwa mwezi Oktoba.