Kuzihesabu Wati

Chuoni tuliwahi kusherehekea ugunduzi kwa robo saa nzima. Tulikuwa tumezamisha hita ya wati 1,000 kwenye ndoo ya maji lita 10, tukaizungushia vipande vya godoro, na umeme ukawa unapitia dima iliyofunguliwa nusu. Multimita yetu ya bei poa ilisoma volti 115. Tukapiga hesabu: wati 250. Lakini maji yalipanda nyuzi 7 kwa dakika 10, na hiyo ni karibu wati 490. Joto la bure! Mwenzetu mmoja alishaanza kutugawia hisa za kampuni.

Fundi wa maabara alitusikiliza bila kucheka. Akaleta mita nyingine, nzito, akaiunga palepale. Volti 163, yaani wati 500.

"Dima haipunguzi umeme kama koki inavyopunguza maji," alisema. "Inaukata. Kila nusu ya wimbi inapotea mwanzo wake, unabaki mwisho. Sasa mita yenu imezoea wimbi zima: inachukua wastani, mengine inakisia."

Ilikuwa imekisia nusu ya ukweli, na ile tofauti ndogo ya wati 10 hivi ilikuwa imevuja kupitia mfuniko. Tangu siku hiyo nawaheshimu watu wa kazi hii ya kupima umeme, ambao hakuna anayewapigia makofi. Katika majaribio ya joto, macho yote huwa kwenye kipimajoto. Upande wa waya hauna mtazamaji, kwa kuwa kila mtu anadhani umeme ni namba tu.

James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza, alionyesha tangu 1840 kwamba joto la waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa anayekokotoa wati kwa njia hiyo, maana yake ni kali: ukikosea ampea kwa asilimia 1, wati umezikosea kwa asilimia 2.

Halafu kuna waya zenyewe. Chukua hita ya volti 12 inayovuta ampea 10, na nyaya za kuifikia zenye ukinzani wa omu 0.1 tu. Volti moja nzima inaliwa njiani, na wati 10 zinapasha moto meza. Ukipimia kwenye betri, utaihesabia hita joto ambalo halijawahi kuifika. Ndiyo maana fundi yule alifunga waya nne: mbili nene za kupeleka mkondo, mbili nyembamba za kunusa volti pale hita inapoanzia. Alizikaza kwa bisibisi, akazivuta kidogo kwa vidole, akakaza tena. Sijui kama kuna aliyemwona zaidi yangu.

Nyumbani nimebaki na mchezo wake. Mita yangu ya umeme ya LUKU humeta mara 1,000 kwa uniti moja. Nazima kila kitu, nawasha birika lenye lita moja ya maji ya nyuzi 28, nasimama nje na kuhesabu kile kitaa chekundu. Maji peke yake yanahitaji mimeto 84 mpaka yachemke. Jana usiku nilifika 97. Kumi na mitatu imekwenda kwenye bati la birika, kwenye mvuke, kwenye hewa ya jikoni. Nilikuwa naiandika kwenye daftari mke wangu aliposema kutoka dirishani, "Baba Neema, friji unaiwasha lini?"