Kungwi, Kitabu na Marufuku: Tathmini ya Hukumu dhidi ya Rosa Mistika
Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa madai kwamba inakiuka maadili. Sehemu hii inashikilia kuwa kilichotisha zaidi ni hadhira, si maudhui. Katika unyago wa pwani, kungwi humfunda mwari mambo ya unyumba bayana, kwa nyimbo na ngoma, lakini faraghani. Kitabu hakina kungwi wala mlango. Humfikia yeyote ajuaye kusoma. Hata hivyo, Rosa, binti wa Ukerewe, haangamizwi na kujua. Baba yake, Zakaria, humlinda kwa kipigo bila kumfunda, naye huondoka nyumbani asijue la kujihami. Kwa kuwanyima wanafunzi riwaya hiyo, wadhibiti walirudia kosa la Zakaria.