Uhakiki wa Uandikishaji na Udumishaji wa Washiriki katika Jaribio la MEMA kwa Vijana, Mwanza

Jaribio la MEMA kwa Vijana lilifanyika vijijini mkoani Mwanza katika jamii 20. Kati ya hizo, 10 zilipata elimu ya afya ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba, pamoja na huduma rafiki kwa vijana katika vituo vya afya. Mwaka 1998 waliandikishwa vijana 9,645; kufikia mwaka 2002 walipatikana tena takriban robo tatu. Maarifa yao kuhusu VVU yaliongezeka, lakini hapakuwa na ushahidi thabiti kwamba maambukizi yalipungua.

Nguzo ya jaribio hili ilikuwa shule. Shule haihami, ina orodha ya majina, na iko chini ya serikali. Udhaifu wake umo humo humo. Mwanafunzi akihitimu, akiolewa au akienda kutafuta kazi, shule haijui tena alipo. Wanaojua ni wazazi na ndugu. Iwapo wanaohama ndio walio hatarini zaidi, basi matokeo yanawazungumzia waliotulia kuliko waliohitaji kinga.

Utafiti wa mwaka 2007 na 2008 ulipima vijana 13,814 waliowahi kusoma katika shule za jaribio. Uamuzi huo uliokoa ukubwa wa sampuli, ila swali la waliohama lilibaki. Kwa hiyo, ridhaa ya mzazi isihesabiwe kuwa saini ya siku moja. Familia ishirikishwe tangu uandikishaji, kwani ndiyo inayoendelea kujua habari za kijana baada ya shule kumwaga.