Ushairi na Imani: Mnyampala wa Ugogo na Kagame wa Rwanda

Wapo wanafunzi wa Kiswahili hapa Kinyinya ambao hutunga beti kwa siri. Si kwamba wanaona haya ya kukosea vina. Wanachohofia ni swali watakaloulizwa nyumbani, au na wenzao wa kwaya: wewe Mkristo, utenzi wakuhusu nini? Swali hilo halikuzuka hivi hivi. Katika nchi yetu Kiswahili kilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa lugha ya Nyamirambo na Biryogo, lugha ya biashara na ya Waislamu. Na ijapokuwa mwaka 2017 kilifanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda, sheria haibadilishi masikio ya watu kwa siku moja. Tena ni kweli kwamba utenzi ulilelewa na waumini wa Kiislamu wa pwani. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu wa kwanza na majeshi ya Rumi. Basi kijana anayeupenda utungo huu, na ambaye pia humwamini Kristo bila kusitasita, ana haki ya kuuliza kama mapenzi yake hayo yana nafasi yoyote katika imani yake.

Jibu la haraka ambalo wengi wetu walimu hulitoa ni kwamba lugha haina dini. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimsaidii. Mwanafunzi hakuuliza habari za lugha. Aliuliza habari zake mwenyewe. Yafaa tumwonyeshe watu waliokabiliwa na jambo hilo hilo, tuzipime kazi zao, tuone walipofaulu na walipopungukiwa.

Wa kwanza ni Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Ugogo, karibu na Dodoma, mbali na pwani, na lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo. Yeye pia, kama wanafunzi wetu, alikifuata Kiswahili kutoka nje. Alikuwa Mkatoliki. Mwaka 1963 ilitoka Diwani ya Mnyampala, na mwaka huo huo ukachapishwa Ndanda, kwa watawa wa Kibenediktini, Utenzi wa Enjili Takatifu. Baadaye akazitia Zaburi nazo katika utenzi. Aliongoza chama cha washairi, UKUTA, ambamo Wakristo na Waislamu walikaa pamoja wakishauriana juu ya vina na mizani, na ndiye aliyezipa ngonjera umbo lake na umaarufu wake. Alifariki mwaka 1969.

Mnyampala hakuomba ruhusa ya kukitumia chombo kilichochongwa na wengine. Aliuchukua ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani nane, mitatu ikikubaliana kwa kina na wa nne ukibeba kina cha utenzi mzima, akaijaza Injili ndani yake. Huo ni ushujaa ambao hatuna budi kuukiri. Hata hivyo mhakiki hana budi kusema pia kwamba njia hiyo ina mipaka yake. Anayesimulia upya maandiko matakatifu amefungwa pande mbili: huku fani inamdai kina, kule maandiko yanamkataza kuongeza neno. Mtunzi wa namna hiyo hujificha nyuma ya kazi yake. Twajua kwamba Mnyampala aliipenda Injili na kwamba aliupenda utenzi. Lakini kile ambacho upendo mmoja uliufanyia mwingine ndani ya nafsi yake, fani aliyoichagua haikumpa nafasi ya kukisema. Julius Nyerere, aliyefuata njia hiyo hiyo katika tenzi zake tano za Injili nne na Matendo ya Mitume, zilizochapishwa Ndanda mwaka 1996, alifungwa na kamba hiyo hiyo.

Wa pili ni mtu wa kwetu, na kwake nitakaa zaidi. Padre Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, kaskazini ya Kigali, alitoka katika ukoo uliohusika na kuhifadhi siri za kifalme. Kabla hajapewa upadre mwaka 1941 alikwisha kuanza kuwaendea watunzi wazee wa mahakama ya mfalme na kuandika ibisigo, yaani tungo za kuwasifu wafalme, walizokuwa wamezihifadhi kichwani. Akakusanya zaidi ya 100. Tuwaze hali yake: mseminari aliyekuwa akifundishwa Kilatini na teolojia, ambaye hamu yake yote ilikuwa katika sifa za wafalme na za ng'ombe, tungo zilizofungamana na ibada na miiko ambayo wamisionari wengi waliitilia shaka. Angeweza kuiacha hamu hiyo mlangoni mwa seminari. Angeweza pia kuifanya kazi ya pembeni, padre asubuhi na mtafiti jioni.

Hakufanya hivyo. Alitunga Umulirimbyi wa Nyili-ibiremwa, maana yake Mwimbaji wa Mwenye Viumbe, utungo mrefu sana unaoanzia kuumbwa kwa ulimwengu, akautunga kwa mtindo wa amazina y'inka, tungo za kuwasifu ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu. Sehemu zake aliziita mikesha, kama kwamba wasikilizaji wamekusanyika usiku katika igitaramo. Mkesha wa kwanza aliufasiri mwenyewe kwa Kifaransa, ukatoka Brussels mwaka 1952 kwa jina la La Divine Pastorale. Hapa ndipo Kagame anapompita Mnyampala, kwa maoni yangu. Hakuyavisha maandiko nguo za kwao. Alichukua namna ambayo Mnyarwanda alijua kustaajabia uzuri, ambayo kilele chake kilikuwa kumtazama ng'ombe, akaielekeza kwa Muumba. Hamu yake haikuwa mtumishi wa mahubiri. Ilikuwa ndiyo macho yake ya kumwonea Mungu.

Lakini macho hayo yalikuwa ya mahakama ya mfalme. Wanahistoria waliokuja baadaye wamemlaumu Kagame kwa kuitazama historia ya Rwanda kutoka uani mwa mfalme, na lawama hiyo inaugusa ushairi wake pia. Mungu akisifiwa kwa lugha ya wenye mifugo mingi, mtu wa jembe asiyekuwa na ng'ombe hata mmoja atasimama wapi katika igitaramo hicho? Sisi tunaojua yaliyoipata nchi hii hatuwezi kulipita swali hilo kwa heshima tu ya jina la padre.

Ndiyo maana napenda kuitaja kazi yake nyingine, ambayo wengi huicheka kisha wakaisahau: Indyohesha-birayi, yaani Kikolezaviazi, iliyotoka mwaka 1949. Ni utungo wa kumsifu nguruwe. (Darasani, ambako wamo pia wanafunzi Waislamu, huutaja kwa adabu, nao hucheka kuliko wengine wote.) Majigambo yale yale yaliyokuwa haki ya mfalme na ng'ombe wake anapewa mnyama aliyedharauliwa, mnyama wa kuliwa kwa viazi, chakula cha mkulima. Sidai kwamba Kagame aliuandika utungo huo ili kuwatetea wanyonge; ni mzaha, na uchukuliwe kuwa mzaha. Ila mtu anayeweza kuifanyia mzaha fani anayoipenda kuliko zote hajaifanya kuwa sanamu ya kuabudiwa, na mtu wa imani anayependa kitu kwa nguvu huhitaji uhuru wa namna hiyo. Mimi naliona jambo hilo katika utungo wa nguruwe waziwazi kuliko katika utungo wa uumbaji.

Kwa wanafunzi wetu, basi, njia ya Mnyampala ni rahisi kuianza: wape mfano mmoja wa Injili, waugeuze uwe beti kumi. Njia ya Kagame huwadai zaidi, maana humwuliza kijana apende nini hasa: mpira, ngoma ya intore, kilima cha kwao kikiwa katika ukungu wa asubuhi. Waliojaribu njia hii ya pili hukutana na tatizo ambalo halimo katika vitabu vya kiada vilivyotungwa Tanzania na Kenya. Kagame alionyesha kwamba tungo za ng'ombe hupimwa kwa urefu wa irabu, na sikio la Mnyarwanda limezoea kipimo hicho. Mwanafunzi akisoma “maarufu” husikia irabu moja ndefu, akahesabu mizani tatu, naye mwalimu huhesabu nne. Nimeacha kumkata alama kwa ajili hiyo. Humwambia asome ubeti kwa sauti, apige makofi kila silabi, kisha tuuhesabu upya pamoja.