Dimba la Ughaibuni, Ncha za Nyumbani: Jinsi Kroatia Ilivyocheza Msimu wa 2022 na 2023

Tarehe 9 Desemba 2022, katika uwanja wa Education City nchini Qatar, katika Kombe la Dunia, Brazili ilikuwa imekwisha kupata bao kwa mguu wa Neymar mwishoni mwa nusu ya kwanza ya muda wa nyongeza, na wachezaji wake, badala ya kurudi nyuma na kuihifadhi neema waliyoipata, walikuwa wangali wametawanyika mbele wakitafuta bao la pili. Ndipo katika dakika ya 117 Mislav Oršić, aliyeingia kiwanjani dakika ya 114, alipokimbia upande wa kushoto na kumpa mpira Bruno Petković, na Petković akaupiga kwa mguu wa kushoto, ukamgusa beki Marquinhos, ukampita mlinda mlango Alisson na kutua wavuni. Hilo lilikuwa shuti la pekee la Kroatia lililolenga lango katika dakika zote 120. Wengi waliliita bahati, na sikatai kwamba mguu wa Marquinhos ulisaidia. Walakini anayetaka kujua bao lile lilipikwa wapi hana budi kurudi nyuma miezi mitatu, hadi mjini Zagreb, kwa kuwa Oršić na Petković walikuwa wamekwisha fanya kazi ya namna ileile mbele ya Chelsea, wakiwa na jezi ya buluu ya Dinamo.

Mchezo huo wa tarehe 6 Septemba 2022, katika uwanja wa Maksimir, ulikuwa wa kwanza kwa Dinamo katika makundi ya Ligi ya Mabingwa, na kocha Ante Čačić aliupanga kwa mabeki watatu, viungo watano na washambuliaji wawili, akiwaachia Chelsea mpira waumiliki watakavyo ilimradi wasipate nafasi nyuma ya mabeki wake. Dakika ya 13 mpira mrefu ulipigwa juu, Petković akaugusa kwa kichwa kuelekea mbele, na Oršić, ambaye alikwisha anza mbio mpira ukiwa ungali hewani, akamwacha beki Fofana na kuuinua mpira juu ya mlinda mlango Kepa. Likawa bao moja kwa nunge hadi kipenga cha mwisho, na kesho yake Chelsea ikamwachisha kazi kocha wake Thomas Tuchel.

Nataka msomaji autazame kwa makini ustadi wa jozi hii, maana ndio mzizi wa maneno yangu yote. Petković ni mtu mrefu, hana kasi kubwa, na aghalabu hucheza akilipa mgongo lango. Kazi yake ilikuwa kuwavuta mabeki wa kati wamfuate yeye, kisha kuugusa mpira mara moja au mbili kabla hawajamzingira. Oršić hakukaa karibu naye, bali alijitenga upande wa kushoto, baidi kidogo na macho ya mabeki, na alikimbia kabla pasi haijatoka, akitumaini kwamba mwenziwe atautoa mpira kama alivyozoea. Mazoea ya namna hiyo hayapatikani katika juma moja la kambi ya timu ya taifa, hata makocha wawe mahodari namna gani. Hupatikana kwa mazoezi ya kila siku na michezo mingi katika klabu moja. Wiki mbili kabla ya kuja kwa Chelsea, Dinamo, iliyokuwa imefungwa bao moja kwa nunge huko Norwei na Bodø/Glimt, iliipokea timu hiyo Maksimir na kuishinda mabao manne kwa moja, mabao mawili ya mwisho yakifungwa na Drmić na Ljubičić ndani ya muda wa nyongeza. Na mwezi wa Machi 2021 Oršić mwenyewe aliifunga Tottenham mabao matatu katika uwanja uleule, la tatu likija katika muda wa nyongeza. Basi kuzihimili dakika thelathini za ziada, jambo ambalo dunia ilidhani ni tabia ya timu ya taifa peke yake, lilikuwa ni jambo la nyumbani pia.

Sasa niligeukie dimba la kati, ambalo lilitoka mbali. Luka Modrić alikuwa Real Madrid, Marcelo Brozović alikuwa Inter, Mateo Kovačić alikuwa katika Chelsea hiyohiyo iliyofungwa Zagreb. Watatu hawa walifundishwa na makocha mbalimbali kwa mila mbalimbali, lakini walipokutana chini ya kocha wa timu ya taifa Zlatko Dalić walielewana kwa utaratibu ulio wazi. Brozović alishuka karibu na mabeki wawili wa kati, Dejan Lovren na Joško Gvardiol, ili daima pawepo mtu wa kupokea mpira wa kwanza. Kovačić aliubeba mpira miguuni na kuvuka mstari wa kwanza wa wapinzani. Na Modrić aliegemea kulia, akitengeneza pembetatu pamoja na beki Josip Juranović. Dhidi ya Brazili, Dalić aliongeza hadhari nyingine: alimweka Mario Pašalić, aliye kiungo kwa asili, katika nafasi ya winga wa kulia, ili upande wa winga wa Brazili, Vinícius, uwe na mtu wa tatu wa kukaba pindi mpira unapopotea na mtu wa nne wa kupokea pasi pindi unapopatikana. Juranović, mchezaji wa Celtic ya Uskochi wakati huo, aliitumia nafasi hiyo vizuri sana, na mara kadhaa alitoka na mpira kutoka eneo lake hadi karibu na la Brazili, Vinícius akilazimika kurudi nyuma kumfuata.

Walichotafuta viungo hawa watatu, kwa yakini, hakikuwa bao. Walitaka kuitawala kasi ya mchezo: wapinzani walipotaka kukimbia, wao waliupunguza mwendo kwa pasi fupi za nyuma na za pembeni, kama nahodha apunguzaye tanga upepo unapovuma kupita kiasi, na wapinzani walipochoka wao ndio walioanza kusogea. Utaratibu huu una gharama, nayo ni uchache wa mashuti. Kroatia ilitoka sare ya bila kufungana na Moroko tarehe 23 Novemba na ya namna hiyohiyo na Ubelgiji tarehe 1 Desemba, siku ambayo Romelu Lukaku alizipoteza nafasi za wazi ambazo zingeweza kuirudisha Kroatia nyumbani mapema. Ushindi wake pekee ndani ya dakika tisini kabla ya mchezo wa mshindi wa tatu ulikuwa ule wa mabao manne kwa moja dhidi ya Kanada. Utaratibu huu una gharama ya miguu vilevile, kwani mchezo na Japani tarehe 5 Desemba, uliokwenda dakika 120 na kwisha kwa bao moja kwa moja, ulimlazimu Brozović kukimbia kilomita 16.7, masafa ambayo hapakuwa na mchezaji aliyepata kuyafikia katika mchezo mmoja wa Kombe la Dunia tangu yalipoanza kupimwa.

Timu isiyofunga mapema, na inayojua kwamba michezo yake itarefuka, haina budi kuwaandaa watu wa mwisho kama wengine wanavyowaandaa wa kwanza, na hapa naiona hekima ya Dalić kuliko mahali pengine popote. Katika mchezo na Japani aliwapumzisha Modrić na Kovačić ndani ya muda wa nyongeza, jambo ambalo kocha mwoga asingethubutu kulitenda huku mikwaju ya penalti ikikaribia. Kisha waliojitokeza kupiga wakawa Vlašić, Brozović, Livaja na Pašalić, na wote ghairi ya Brozović walikuwa wametokea benchi. Katika mchezo na Brazili waliopiga walikuwa Vlašić, Majer, Modrić na Oršić, na Modrić peke yake ndiye aliyeanza mchezo. Ukijumlisha, kati ya wapigaji wanane wa michezo hiyo miwili, sita walikuwa wamekuja kiwanjani na miguu mipya; na katika mikwaju hiyo minane ni ule wa Livaja tu ulioharibika, ukagonga nguzo. Brazili, kwa upande wake, ilimhifadhi Neymar kwa mkwaju wa tano, na mkwaju wa tano haukufika.

Langoni alisimama Dominik Livaković, mlinda mlango wa Dinamo, ambaye aliwazuia Minamino, Mitoma na Yoshida wa Japani, na siku nne baadaye akamzuia Rodrygo, kabla Marquinhos hajagonga nguzo. Usiku ule wa Chelsea, Livaković alikuwa langoni vilevile. Kati ya wachezaji 26 waliokwenda Qatar, sita tu walikuwa wakicheza katika ligi ya nyumbani: Livaković, Ivušić, Šutalo, Oršić, Petković na Marko Livaja wa Hajduk ya Split, na wengi wa hao sita, aghalabu wakianzia benchi, ndio waliohusika na takriban kila saa ya mwisho iliyokuwa na uzito. Livaja alifunga dhidi ya Kanada, na katika mchezo huohuo Oršić alimnyang'anya beki mpira na kumpa Majer bao la nne. Tarehe 17 Desemba, katika mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu, baada ya Gvardiol kufunga kwa kichwa na Dari wa Moroko kusawazisha dakika mbili baadaye, alikuwa Livaja aliyempa Oršić pasi, mtu wa Split akimpa mtu wa Zagreb, na Oršić akaupinda mpira kwa mguu wa kulia hadi ukagonga nguzo ya mbali na kuingia. Mabao mawili kwa moja. Medali ya shaba. Dimba la kati lilikuwa la ughaibuni, lakini ncha zote mbili, ya kuzuia na ya kumalizia, zilikuwa za nyumbani.

Kwa nini basi utaratibu huo ulivunjika mbele ya Ajentina tarehe 13 Desemba? Jawabu langu ni kwamba kocha wa Ajentina, Lionel Scaloni, hakuwaachia wale watatu nafasi ya kuipunguza kasi. Aliwapanga viungo wanne, Paredes, Fernández, De Paul na Mac Allister, ili kila pasi ya Brozović ikute mtu. Kisha, badala ya kushindana na Wakroatia kwa pasi fupi, alitafuta upenyo wa moja kwa moja nyuma yao. Pasi ndefu ya Fernández katikati ya uwanja ilimfikia Julián Álvarez, Livaković akamwangusha, na Messi akafunga penalti dakika ya 34. Dakika tano baadaye, kona ya Kroatia yenyewe iligeuka kuwa shambulizi la kushtukiza, Álvarez akikimbia na mpira takriban nusu ya uwanja. Mabao mawili kabla ya mapumziko ni adhabu nzito kwa timu iliyojengwa kusubiri, maana subira humfaa aliye sawa au aliye nyuma kwa bao moja, haimfai aliye nyuma kwa mawili. La tatu, Messi akimzungusha Gvardiol hadi mstari wa mwisho, lilikuwa la kukamilisha tu.

Mashindano ya Ligi ya Mataifa, yaliyouzunguka msimu huu mwanzo na mwisho, yanathibitisha mambo hayohayo, nami nitayapitia kwa haraka. Kroatia ilianza kwa kufungwa na Austria mabao matatu kwa nunge mjini Osijek tarehe 3 Juni 2022, na mwezi huohuo ikaishinda Ufaransa huko Stade de France kwa penalti ya Modrić ya dakika ya tano. Hatimaye ikawa ya kwanza katika kundi lake kwa pointi 13. Nusu fainali ya tarehe 14 Juni 2023, mjini Rotterdam, ilikwenda muda wa nyongeza baada ya Waholanzi kusawazisha dakika za majeruhi, na aliyefunga dakika ya 98 alikuwa Petković, akitokea benchi. Yeye ndiye pia aliyeangushwa na kuipatia Kroatia penalti ambayo Modrić aliifunga, ikawa manne kwa mawili. Siku nne baadaye, katika fainali na Hispania iliyokwisha bila bao, mlinda mlango Unai Simón alimzuia Majer, kisha akamzuia Petković huyohuyo, na kombe likaenda Hispania kwa penalti tano kwa nne.

Nyumbani nako hesabu haikuwa nyepesi. Dinamo iliyoishinda Chelsea ilimaliza ya mwisho katika kundi lake ikiwa na pointi nne, na Milan iliifunga manne kwa nunge palepale Maksimir. Mwezi Januari 2023 Dinamo ilimuuza Oršić kwa Southampton. Mwezi Aprili ilimwondoa Čačić na kumweka Igor Bišćan, ikachukua ubingwa wa sita mfululizo. Hajduk ilitwaa Kombe la Kroatia mwezi Mei kwa kuishinda Šibenik mabao mawili kwa nunge, na vijana wake walifika fainali ya Ligi ya Vijana ya Ulaya baada ya kuitoa Milan, wakafungwa na AZ ya Uholanzi. Hukumu yangu ni kwamba ligi yenye timu kumi, ambayo bingwa wake hakushindaniwa vya kutosha, ilitoa mwaka ule sehemu ya medali kubwa kuliko iliyohesabiwa, na wanaoitazama Kroatia kwa jicho la Modrić peke yake wanamnyima Čačić na klabu yake haki yao. Kufikia mwisho wa Agosti 2023 Livaković alikuwa amehamia Fenerbahçe, Šutalo alikuwa amehamia Ajax, na Luka Ivanušec, aliyeanza kama winga siku ile ya Rotterdam, alikuwa amehamia Feyenoord. Petković alibaki Zagreb.